Abdias do Nascimento na jukwaa la watu weusi wa Brazil: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukitaja tamthilia za Brazil mbele ya watu wa maigizo wa huku kwetu, jina la kwanza kutajwa ni Augusto Boal, mwasisi wa maigizo ya wanyonge, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Abdias do Nascimento hutajwa kwa nadra, ingawa aliwahi kufika Dar es Salaam, na ingawa bila yeye jukwaa la Brazil lingeendelea kwa miaka mingi zaidi kuwapaka Wazungu masizi waigize watu weusi.

Abdias do Nascimento alikuwa nani?

Mwandishi wa tamthilia, mwigizaji, mwongozaji, mshairi, mchoraji, profesa, mbunge na seneta. Orodha ni ndefu, lakini kwa yeye mwenyewe kazi hizo zote zilikuwa moja. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1914 katika mji wa Franca, jimbo la São Paulo, nchi ya mibuni. Baba yake alikuwa fundi viatu na mpiga muziki; mama yake alipika peremende na vitamutamu vya kuuza. Utumwa ulikuwa umefutwa Brazil mwaka 1888, miaka 26 tu kabla hajazaliwa, kwa hiyo katika nyumba yao habari za utumwa hazikuwa historia ya vitabuni. Zilisimuliwa na watu walioupitia. Alifariki Rio de Janeiro mwezi Mei 2011 akiwa na umri wa miaka 97.

Ni «do Nascimento» au «Nascimento»?

Yote mawili. Vitabu vya zamani huandika Abdias do Nascimento, vya karibuni huacha «do». Ni mtu yuleyule. Wabrazil wenyewe humwita Abdias, basi.

Aliingiaje kwenye maigizo? Alisomea?

Hapana. Alisoma uhasibu akiwa kijana, akajiunga na jeshi, kisha akachukua digrii ya uchumi Rio mwaka 1938. Maigizo yalimkuta njiani, na kisa chenyewe kinafaa kusimuliwa kwa kituo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alikuwa akizunguka Amerika ya Kusini na marafiki washairi, Wabrazil na Waajentina, waliojiita Santa Hermandad Orquídea, yaani Udugu Mtakatifu wa Okidi. Vijana wenye mashairi mengi na nauli kidogo. Mwaka 1941 wakafika Lima, mji mkuu wa Peru, wakaenda kutazama The Emperor Jones, tamthilia ya Mmarekani Eugene O'Neill kuhusu mtu mweusi anayejitawaza mfalme kisiwani na mwishowe kuwindwa na hofu zake mwenyewe. Mhusika mkuu ni mweusi. Aliyemwigiza alikuwa Mwajentina mweupe, Hugo D'Evieri, aliyepakwa rangi nyeusi.

Abdias aliandika baadaye kwamba akiwa kitini pale alianza kujiuliza maswali. Kwa nini mweupe aliyepakwa? Hakuna mweusi anayeweza kuigiza? Na kwao Brazil, je? Akakumbuka kwamba hata kwao mambo yalikuwa hivyohivyo: mtu mweusi akipanda jukwaani ni mtumishi wa kubeba sinia au wa kuchekesha, na nafasi ikiwa na uzito, anatafutwa mweupe na kopo la rangi. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba kabla ya usiku ule hakuwahi kuliona jambo hilo kuwa ajabu.

Ni kweli alifungwa jela?

Ndiyo, zaidi ya mara moja. Miaka ya 1930 alifungwa kwa kupinga udikteta wa Getúlio Vargas. Kifungo kinachohusu maigizo ni kingine. Akiwa bado askari, yeye na rafiki yake Sebastião Rodrigues Alves walikataa kuingia kwa mlango wa nyuma katika ukumbi mmoja wa starehe mjini São Paulo. Ugomvi ukazuka, polisi wakaingia, Abdias akafukuzwa jeshini. Kesi ikaendeshwa yeye akiwa hayupo, na aliporudi kutoka safari zake akapelekwa gereza la Carandiru.

Humo gerezani alianzisha Teatro do Sentenciado, maigizo ya waliohukumiwa. Wafungwa waliandika michezo yao, wakaigiza, wakatazamana. Watu wengi huanza kumsoma Abdias kuanzia mwaka 1944, na nadhani wanakosea. Kikundi chake cha kwanza kilikuwa cha watu wasioweza hata kutoka nje kununua sabuni.

Teatro Experimental do Negro ilikuwa nini?

Ni kikundi alichokianzisha Rio de Janeiro tarehe 13 Oktoba 1944. Jina lake ni Maigizo ya Majaribio ya Mtu Mweusi, na kwa kifupi huitwa TEN. Wa mwanzo kujiunga hawakuwa wasanii. Walikuwa vibarua, mahausigeli, wakazi wa favela, yaani mitaa ya mabanda, makarani wa ngazi za chini kabisa serikalini. Wengi hawakujua kusoma.

Sasa, mwigizaji asiyejua kusoma atakaririje maneno ya O'Neill? Ndipo TEN ikaanzisha kisomo, kile ambacho Watanzania wa umri fulani wangekiita madarasa ya ngumbaru. Mwalimu mkuu wa kusoma na kuandika alikuwa Ironides Rodrigues. Kwa maelezo ya Abdias mwenyewe, walijiandikisha watu wapatao 600. Walikutana jioni, baada ya kazi, katika jengo la umoja wa wanafunzi wa Brazil. Aguinaldo Camargo, ambaye baadaye ndiye aliyebeba nafasi kubwa jukwaani, naye alifundisha historia na utamaduni.

Kisomo hicho kilikuwa na uzito ambao mgeni anaweza asiuone. Brazil wakati huo mtu asiyejua kusoma hakuwa na haki ya kupiga kura, na hali hiyo iliendelea mpaka mwaka 1985. Kwa hiyo mpishi aliyejifunza herufi ili akariri mistari mitatu ya mchezo alikuwa pia anajipatia kura. Sijui kikundi kingine cha maigizo ambacho mazoezi yake yalizaa wapiga kura.

Usiku wa tarehe 8 Mei 1945 kulitokea nini?

Huo ndio usiku TEN ilipoonyesha mchezo wake wa kwanza, nao ulikuwa The Emperor Jones uleule wa Lima. Abdias alikuwa amemwandikia O'Neill kuomba ruhusa, akieleza kwamba hawana kitu. O'Neill akajibu mwezi Desemba 1944: chukueni, msilipe chochote. Akaongeza kwamba anaijua vizuri hali wanayoieleza, kwa kuwa New York nako ilikuwa hivyo kabla ya mchezo huo.

Mahali palikuwa Theatro Municipal, jengo la fahari lililofunguliwa mwaka 1909 kwa kuiga opera ya Paris, lenye marumaru na dhahabu. Abdias alisema kabla ya hapo watu weusi waliingia humo kusafisha uchafu wa watazamaji. Aguinaldo Camargo ndiye aliyekuwa Mfalme Jones, na Ruth de Souza, binti aliyekuwa anaanza tu, alikuwa jukwaani pia. Siku hiyohiyo vita viliisha Ulaya, mitaa ya Rio ikajaa watu wakishangilia. Ungetegemea ukumbi uwe mtupu. Haukuwa mtupu, na wakosoaji waliokuja kwa mashaka waliondoka wakimsifu Camargo.

Kwa nini walilaumiwa kwamba wanaleta ubaguzi?

Kwa sababu Brazil ilijivunia kwamba haina ubaguzi. Fikra iliyotawala ni «demokrasia ya rangi»: sisi tumechanganyika, tumeoana, kwetu hakuna sheria za kutenga kama Marekani. Kikundi kilipotangazwa mwaka 1944, kulikuwa na walioandika magazetini kwamba maigizo ya watu weusi ni kitu cha kuazima kutoka nje, na kwamba kitazusha tatizo lisilokuwepo. Hoja hiyo Abdias aliisikia maisha yake yote. Jibu lake lilikuwa kuwaomba watu watazame tu nani yuko jukwaani na nani anafagia.

Mfano bora ulikuja mwaka 1948. Nelson Rodrigues, ambaye wengi wanamhesabu kuwa mwandishi mkubwa kuliko wote wa tamthilia Brazil, aliandika Anjo Negro, Malaika Mweusi, ambamo mhusika mkuu ni Ismael, daktari mweusi aliyeoa mwanamke mweupe. Rodrigues alimtaka Abdias aigize. Haikuruhusiwa. Ismael akaigizwa na mweupe aliyepakwa rangi, katika nchi iliyosema haina tatizo. Ikiwa unataka kuelewa kwa nini TEN ilihitajika, kisa hicho kimoja kinatosha.

Sortilégio inahusu nini?

Hii ndiyo tamthilia yake kuu, aliyoiandika mwaka 1951. Jina lina maana ya uganga au uchawi wa kufunga mtu, na jina la pembeni ni «fumbo jeusi».

Emanuel ni wakili mweusi. Amesoma, amevaa suti, ameoa mwanamke mweupe anayeitwa Margarida. Usiku mmoja anakimbia polisi na kujikuta juu ya kilima, penye kiwanja cha ibada ya dini waliyoileta Waafrika. Chini pamewekwa sadaka ya Exu, mwenye njia panda, yule ambaye Wayoruba humwita Eshu: pombe ya miwa, sigara ya kukunja, chakula. Emanuel anaidharau. Anaona ni mambo ya washenzi, na ni afadhali angekuwa amekimbilia kwingine.

Lakini hawezi kushuka, polisi wako chini. Wanawake wa ibada wanaendelea na kazi yao, ngoma zinalia, na kumbukumbu zinamjia moja moja: Efigênia, msichana mweusi aliyempenda na kumwacha, Margarida, aliyemchukua kwa sababu zake mwenyewe, polisi waliomkamata mara kwa mara bila kosa, suti na digrii zisimsaidie. Taratibu anagusa sadaka ile aliyoidharau. Anainywa. Anavua suti kipande kwa kipande. Mwishoni anakiri kwamba amemuua Margarida, anajitangaza kuwa mtu huru, na yeye mwenyewe anageuka sadaka.

Nguvu ya mchezo iko katika kuvua nguo. Mtu aliyepanda kilima akiwa wakili wa Kizungu anakutwa na mwisho akiwa mwana wa Exu, na mtazamaji anaachwa aamue kama huo ni ushindi au ni kifo tu. Mimi nina kinyongo kimoja nao: wanawake wote wawili, mweusi na mweupe, wapo hasa ili Emanuel ajielewe, na uhuru wake unapita juu ya maiti ya mmoja wao. Wapo wanaotetea kwamba ni ishara, si habari ya polisi. Sawa, lakini ishara nayo ina mwili.

Je, ilipigwa marufuku?

Ilizuiwa na wakaguzi wa serikali kwa miaka kadhaa, wakilalamikia maadili na lugha yake. Ilipanda jukwaani mwaka 1957, Theatro Municipal ya Rio tena, Léo Jusi akiongoza na Abigail Moura, kiongozi wa Orquestra Afro-Brasileira, akitunga muziki. Baadaye Abdias aliiandika upya akaitoa mwaka 1979 kama Sortilégio II, baada ya kuishi Nigeria kati ya Wayoruba. Katika toleo hilo Ogum, mwenye chuma na vita, anachukua nafasi kubwa zaidi, na kifo cha Emanuel kinafungamanishwa na uasi wa Zumbi, kiongozi wa watumwa waliotoroka. Ukiweza kupata yote mawili, soma la 1957 kwanza. Lina wasiwasi ambao la pili limeshaupatia majibu.

Kama aliandika tamthilia moja kubwa, kwa nini aitwe mwandishi wa tamthilia?

Swali la haki. Kuna pia Rapsódia Negra, onyesho la muziki na ngoma la mwaka 1952, lakini kwa idadi ya kurasa hafiki hata robo ya Nelson Rodrigues. Tofauti ni kwamba Abdias alikuta hakuna tamthilia za kuigizwa na waigizaji wake. Ilimbidi azitafute, aombe wengine waziandike. Lúcio Cardoso akampa O Filho Pródigo, Joaquim Ribeiro akampa Aruanda. Mwaka 1961 akazikusanya katika kitabu alichokiita Dramas para negros e prólogo para brancos, yaani tamthilia za watu weusi na utangulizi wa watu weupe. Jina hilo peke yake linaonyesha kwamba alijua kuandika.

Akina mama wa TEN walikuwa nani?

Ruth de Souza alitoka TEN akaenda Marekani kusoma maigizo, kisha sinema, na mwaka 1954 akawania tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Venice kwa filamu ya Sinhá Moça. Léa Garcia, ambaye aliwahi kuwa mke wa Abdias, alionekana duniani kote katika filamu Orfeu Negro ya mwaka 1959. Maria de Lourdes Vale Nascimento, naye mke wa Abdias kwa wakati wake, aliandika safu ya wanawake katika Quilombo, gazeti la kikundi lililotoka kati ya 1948 na 1950, na kuwapigania wafanyakazi wa ndani. Habari zake huwa zinafupishwa mno. Hata hapa nimezifupisha.

Alihusikaje na Orfeu?

Filamu ilitokana na tamthilia ya Vinicius de Moraes, Orfeu da Conceição, iliyoonyeshwa mwaka 1956 kwa muziki wa Tom Jobim na mandhari ya Oscar Niemeyer. Waigizaji wengi walikuwa wa TEN, Haroldo Costa akiwa Orfeu na Abdias akiwa Aristeu. Kila mtu anamkumbuka Jobim. Waliosimama jukwaani wametajwa kidogo.

Kwa nini aliondoka Brazil?

Alikwenda Marekani mwaka 1968 kwa ziara. Tarehe 13 Desemba mwaka huo serikali ya kijeshi ilitoa amri iitwayo AI-5, iliyofunga bunge na kuwapa polisi mkono mrefu. Kurudi ikawa hatari. Akabaki ughaibuni zaidi ya miaka kumi, sehemu kubwa akiwa profesa wa chuo kikuu cha jimbo la New York kilichoko Buffalo. Alifika bila kujua Kiingereza, na huko ndiko uchoraji wake ulikokolea: orixá, yaani miungu ya Kiyoruba iliyovuka bahari, kwa rangi kali na mistari minyoofu. Brashi haihitaji mkalimani.

Ni kweli alifika Dar es Salaam?

Ndiyo. Mwezi Juni 1974 Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika lilifanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, likafunguliwa na Mwalimu Nyerere, na Abdias alikuwepo. Kongamano lile liligawanyika kati ya waliosema tatizo ni matabaka na waliosema tatizo ni rangi. Abdias alikuwa upande wa pili, na hakupenda kuambiwa kwamba habari ya rangi itajimaliza yenyewe ujamaa ukishafika. Mtu aliyetoka nchi inayodai kuwa haina ubaguzi hawezi kulikubali hilo kirahisi.

Na Lagos, mwaka 1977?

Huko palichafuka. Alikuwa profesa mgeni wa Chuo Kikuu cha Ife, Nigeria, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, FESTAC, lilipofanyika Lagos. Akaandaa mada akihoji kama demokrasia ya rangi ya Brazil ni kweli au ni ngano. Serikali ya Brazil haikutaka isomwe, na mada ikakataliwa. Wenzake wa Ife wakaipiga chapa kwa mashine ya stensili, ikagawiwa mkononi kwa mkono. Mwaka 1978 ikawa kitabu, O Genocídio do Negro Brasileiro, na leo ndicho kitabu chake kinachosomwa zaidi. Waliomzuia walimfanyia matangazo bure. Si mara ya kwanza kuzuiwa: mwaka 1966 TEN iliachwa nje ya ujumbe wa Brazil katika tamasha la sanaa za watu weusi la Dakar, Senegal, naye akaandika barua ya wazi kulalamika.

Quilombismo ni nini?

Ni nadharia yake ya siasa, iliyotoka katika kitabu mwaka 1980. Quilombo ni kijiji cha watumwa waliotoroka. Neno limetoka Kimbundu cha Angola, na msikilizaji wa Kiswahili hukisikia hicho «ki-» mara moja. Mkubwa kuliko vyote ulikuwa Palmares, uliodumu karibu karne nzima mpaka kiongozi wake Zumbi alipouawa tarehe 20 Novemba 1695. Abdias alisema vijiji hivyo havikuwa maficho tu, vilikuwa namna ya kuendesha nchi: ardhi ya wote, kazi ya wote, mila za Kiafrika zikiheshimiwa. Kitabu kina mambo mengi ya kubishana nayo, hasa jinsi kinavyoichora Afrika ya kale kama isiyo na mabwana wala watwana.

Alipoingia bungeni aliacha sanaa?

Alibadilisha ukumbi. Alikuwa mbunge kuanzia 1983 hadi 1987, na baadaye seneta kwa vipindi viwili vifupi miaka ya 1990, akishika nafasi ya Seneta Darcy Ribeiro. Alizoea kufungua hotuba kwa kumtaja Olorum, Mungu mkuu wa Wayoruba, mbele ya waheshimiwa waliozoea misa. Mwaka 1983 aliwasilisha muswada wa kutenga nafasi za kazi serikalini, asilimia 20 kwa wanaume weusi na asilimia 20 kwa wanawake weusi. Haukupita. Sheria ya nafasi maalumu vyuoni ilipitishwa mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na ya ajira serikalini mwaka 2014.

Yeye na Augusto Boal walijuana?

Walijuana. Boal akiwa kijana asiyejulikana, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikuwa karibu na TEN na aliiandikia michezo yake ya awali. Wanaofundisha maigizo ya wanyonge kwa mbinu za Boal wangefanya vyema kuuliza kijana huyo alikuwa anatazama nini jioni zile.

Nianzie wapi?

Kama unasoma Kiingereza, Sortilégio ilitafsiriwa na kuchapishwa Chicago mwaka 1978. Kama unajua Kireno, tafuta matoleo ya gazeti la Quilombo yaliyochapishwa upya pamoja mwaka 2003. Ni namba kumi tu na picha zake zinasema mengi. Picha za kuchora na nyaraka ziko Rio chini ya IPEAFRO, taasisi aliyoianzisha mwaka 1981 na mkewe Elisa Larkin Nascimento.

Kaburi lake liko wapi?

Alichomwa, na majivu yake yakapelekwa Serra da Barriga, kilima cha jimbo la Alagoas kilipokuwa Palmares.